Kiziwi aliyetaka kuizungusha nyumba angani

Hebu chukua ndoo ndogo ya maji, toka nje, kisha uizungushe kwa mkono mmoja mpaka ipite juu ya kichwa chako. Ukiizungusha kwa kasi, hata tone halimwagiki. Ukizubaa katikati, basi umeoga. Sisi watoto wa Lamu tumecheza mchezo huu kisimani miaka nenda miaka rudi, na kugombezwa juu yake kwa kumaliza maji. Kumbe tulikuwa tunachezea jambo linalowaumiza kichwa wahandisi wa vyombo vya anga mpaka leo: namna ya kumpa mtu uzito mahali ambapo uzito haupo.

Leo nakusimulia maisha ya mtu aliyeliwaza jambo hilo kabla ndege ya kwanza haijaruka. Jina lake ni Konstantin Tsiolkovsky. Alikuwa Mrusi, mwalimu wa hesabu katika mji mdogo. Masikio yake yalikuwa karibu yamekufa kabisa, na shule aliiacha akiwa bado mtoto. Lakini kwanza nikwambie nilivyomfikia, maana nilimfikia kwa hasira.

Kitufe cha uongo

Kuna hadithi nimekuwa nikiiandika tangu nitoke chuo. Ndiyo, nilitoka mwaka wa pili. Karo ilikwama, na mengine tuyaache. Hadithi yenyewe inahusu jahazi la angani. Limeundwa Matondoni miaka mia tatu ijayo, linakwenda Mirihi na mabaharia thelathini, na nahodha wake ni mwanamke wa Pate. Katika sura ya kwanza mabaharia wanatembea sitahani, wanamimina chai, wanaswali. Mambo poa kabisa.

Nikamsomea mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mashua. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kitu kimoja tu: hao watu wameshikwa na nini pale chini? Nikamwambia kuna kitufe. Nahodha akikibonyeza, uvutano unakuja. Mjomba akanyamaza, akarudi kwenye kalafati yake. Ule ukimya naujua. Ndio anaompa mteja anayetaka mashua isiyo na mkuku.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kusoma, na ndipo nikakutana na huyu mzee wa Urusi. Sasa tulia nikupeleke kwake.

Mtoto aliyezimiwa sauti

Tsiolkovsky alizaliwa Septemba 17, 1857, katika kijiji cha Izhevskoye, mkoa wa Ryazan. Baba yake alikuwa Mpolandi aliyefanya kazi ya misitu, na nyumbani walikuwa watoto wengi kuliko pesa. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi akashikwa na homa ya vipele, ile ambayo siku hizo iliua watoto wengi. Yeye hakufa, ila ilimwachia uziwi.

Fikiria darasa ambalo mwalimu anafungua mdomo na wewe husikii. Wenzako wanacheka, hujui wanacheka nini, na huenda wanakucheka wewe. Familia ilihamia mji wa Vyatka, akaingizwa shule, lakini mambo yakawa ndivyo sivyo. Mama yake, aliyekuwa amejaribu kumfundisha mwenyewe nyumbani, akafariki mtoto akiwa na miaka kumi na tatu. Muda si mrefu shule nayo ikaisha. Hakurudi tena kukaa darasani kama mwanafunzi.

Alichobaki nacho ni vitabu vya baba yake na mikono. Akawa anajiundia vitu: vigari vya upepo, mashine ndogo, vifaa vya kupimia umbali. Alikuwa akisoma kitu kitabuni, anatoka nje kukijaribu, kisha anarudi kitabuni. Baba yake akaona kuna jambo. Mwaka 1873, kijana akiwa na miaka kumi na sita, akamtuma Moscow akatafute elimu.

Usidhani alikwenda chuoni. Alikwenda maktaba. Kwa muda wa miaka mitatu hivi alikuwa akiingia asubuhi na kutoka inapofungwa, akajifundisha hesabu za juu, fizikia, kemia na elimu ya nyota. Pesa kidogo alizotumiwa na baba yake alizimalizia kwenye vitabu na kemikali. Chakula chake kilikuwa mkate mweusi na maji. Nguo zake zilikuwa zimetobolewa na tindikali. Kwa vile watu hakuwasikia vizuri, alijitengenezea mirija ya bati mfano wa faneli kubwa, akawa anaiweka sikioni mtu anapozungumza naye. Mirija kama hiyo imehifadhiwa mpaka leo.

Usiku wa Moscow

Hapa ndipo nataka ukae makini, maana kisa hiki ndicho kilichonifunga mdomo.

Katika miaka hiyo ya Moscow alipata wazo. Aliwaza sanduku lililofungwa pande zote. Ndani yake kuna vijiti viwili vinavyonyumbuka, vyenye mipira kwenye ncha za juu, na vinayumba huku na huku kwa kasi. Alipiga hesabu kichwani akaamini kwamba ile nguvu inayotupa vitu nje vinapozunguka italiinua sanduku, liondoke ardhini, liende mpaka angani. Yaani kijana wa mkate mweusi amepata njia ya kwenda kwenye nyota! Alishindwa kukaa ndani kwa furaha. Akatoka, akazurura usiku katika mitaa ya Moscow akiliwazia jambo lake.

Akiwa humo humo njiani, akaligundua kosa. Mipira ikisukuma sanduku juu, muda unaofuata italivuta chini. Sanduku litatetemeka tu, halitakwenda popote. Hakuna aliyemwambia. Hakuwa na profesa wa kumsahihisha. Alijisahihisha mwenyewe usiku ule ule aliokuwa akisherehekea.

Mimi nilihitaji mjomba, na hata hapo nikanuna siku mbili.

Lakini hakulitupa lile wazo la mzunguko. Baada ya Moscow, baba yake alipomwita nyumbani kwa kuona afya yake inaharibika, aliunda mashine ya kuzungusha, akaweka ndani yake kombamwiko na kuku. Alitaka kujua kiumbe hai anastahimili uzito kiasi gani. Akawazungusha mpaka uzito wao ukawa umeongezeka mara nyingi, na wakatoka wazima. Kabla mtu yeyote hajajenga roketi ya kumbeba binadamu, huyu kijana alikuwa ameshaanza kujiuliza kama mwili utavumilia safari.

Uzito ni nini hasa?

Tusimame kidogo, turudi kwenye ndoo yetu.

Maji yaliyomo ndani ya ndoo yanataka kwenda moja kwa moja. Kila kitu kinachotembea kinataka kwenda moja kwa moja kisipozuiwa. Mkono wako unaivuta ndoo ipinde, na kitako cha ndoo kinayazuia maji yasitoroke. Ule msukumo wa kitako dhidi ya maji ndio unaoyafanya yakae kana kwamba yamevutwa. Sasa badala ya maji weka mtu, na badala ya ndoo weka chumba kikubwa kinachozunguka angani. Sakafu itamsukuma miguuni, na yeye atahisi amesimama. Ubongo hautajua tofauti, isipokuwa kwa mambo machache nitakayokwambia.

Kingine: watu wengi hudhani wanaanga wanaelea kwa sababu huko juu hakuna uvutano. Si kweli. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko umbali wa kilomita 400 hivi juu yetu, na hapo uvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa Langoni. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, huku wakienda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba wanaikosa Dunia kila mara. Sakafu haiwasukumi, kwa hiyo hawahisi uzito.

Na mwili usiohisi uzito huona hauna kazi. Misuli inalegea. Mifupa ya nyonga inaweza kupoteza takriban asilimia 1 ya uimara wake kila mwezi. Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi ya saa mbili hivi kila siku. Safari ya Mirihi ni miezi mingi. Fikiria unafika, unafungua mlango, halafu miguu inakukatalia. Kwa hiyo swali la mjomba halikuwa la kunisumbua tu. Ni swali la uhai wa mabaharia.

Mwalimu wa mji mdogo

Mwaka 1879 Tsiolkovsky alifanya mtihani wa ualimu bila kupitia shule yoyote, akapita. Hapo nakuomba usije ukamtumia kama cheti cha kutoroka darasa. Wengi wetu tulioacha chuo tunapenda kutaja majina ya walioacha shule wakafanikiwa. Huyu aliacha, ndiyo, lakini aliilipa kwa miaka mitatu ya njaa maktabani, na mtihani akaukalia.

Mwaka 1880 akapangiwa kazi katika mji wa Borovsk, kufundisha hesabu na jiometri. Huko akamwoa Varvara Sokolova, binti wa nyumba aliyopanga. Usiku, wanafunzi wakishalala, yeye anaandika. Kazi yake moja ya mwanzo ilihusu mwendo wa gesi. Akaituma kwa wanasayansi wa mji mkuu, St. Petersburg. Jibu likarudi kwamba alichokigundua kilikuwa kimeshagunduliwa miaka mingi nyuma. Hebu jiweke pale: umefunga mlango miezi na miezi, umetoa jasho, halafu unaambiwa umechelewa. Lakini wale wanasayansi waliona kwamba mtu aliyelifikia jambo hilo peke yake, mbali na vyuo, si mtu wa kudharauliwa. Wakamtia moyo.

Mwaka 1883 aliandika daftari la mawazo kuhusu anga tupu, mahali pasipo na uzito wala upinzani. Alijiuliza mtu atasogeaje pale, atageukaje, ataishije. Aliona kwamba njia ya kusogea ni kutupa kitu nyuma ili wewe uende mbele, na hiyo ndiyo roketi. Mwaka 1887 nyumba yake ikaungua, vitabu na vielelezo vingi vikaenda na moto. Mwaka 1892 akahamishiwa Kaluga, na huko ndiko alikokaa mpaka kufa.

Alikuwa amelelewa na hadithi za Jules Verne, yule Mfaransa aliyewapeleka watu mwezini kwa mzinga. Alizipenda, lakini alizipigia hesabu. Mtu akirushwa kwa mzinga, ule mshindo wa kuanza utamsaga kama nazi. Alipoanza kuandika hadithi zake mwenyewe, alifuata sharti moja: msomaji asidanganywe kuhusu mwili. Hadithi yake ya mwezini, iliyotoka mwaka 1893, inamwonyesha mtu akiruka kwa wepesi kwa sababu uvutano wa huko ni mdogo, na mambo yote yanafuata kutoka hapo.

Mnara ambao ungefaa kwetu

Mwaka 1895 akatoa kitabu kuhusu ndoto za Dunia na mbingu. Ndani yake kuna wazo ambalo mtu wa Lamu lazima alipende.

Mnara wa Eiffel ulikuwa umemalizika Paris mwaka 1889. Tsiolkovsky akauchukua ule mnara akilini, akaurefusha. Akauliza: kama mnara ungepanda tu, mtu anayeupanda angehisi nini? Akajibu kwa hesabu. Dunia inazunguka, na mnara unazunguka nayo kama kamba ya ndoo. Kila unavyopanda, uvutano unapungua na nguvu ya kutupwa nje inaongezeka. Ukifika karibu kilomita 36,000 juu, viwili hivyo vinalingana. Uzito wako umekwisha. Ukiachia mkono, hutaanguka. Ukizidi kupanda, ndiyo unaanza kutupwa kuelekea nje.

Mnara kama huo mahali pake ni Ikweta, na Lamu iko digrii mbili na ushei tu kusini mwa Ikweta. Hapo ulipokaa barazani, ukinywa kahawa na kulalamika kwamba mji umelala, unazungushwa kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Na mzunguko huo umeshakupunguzia uzito. Ukichukua kilo 100 za mchele na mizani ya springi, mizani iliyorekebishwa kule Ncha ya Kaskazini, hapa Lamu itakuonyesha pungufu ya takriban nusu kilo. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni kwa ajili ya mzunguko, na iliyobaki ni kwa sababu Dunia imevimba kidogo kiunoni. Muuzaji hajakuibia.

Kwa hiyo Lamu tayari imo ndani ya ndoo, ila ndoo yenyewe ni kubwa na inazunguka mara moja tu kwa siku.

Hesabu, msiba na mafuriko

Mwaka 1897 alikamilisha hesabu inayoonyesha roketi itafikia kasi gani kulingana na mafuta iliyobeba na kasi ya moshi unaotoka nyuma. Wahandisi wa roketi wanaitumia mpaka leo, na inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1903 akachapisha sehemu ya kwanza ya kazi yake kubwa kuhusu kuchunguza anga kwa roketi. Desemba ya mwaka huo huo ndugu wawili wa Marekani, Wright, waliruka kwa ndege yao kwa sekunde chache. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu ya kuondoka Duniani kabisa.

Hakuna aliyeshtuka. Sehemu ya pili ya kazi hiyo ilichapishwa kuanzia mwaka 1911 tu.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Mwaka 1902 mwanawe Ignaty, aliyekuwa akisoma Moscow, alijiua. Mwaka 1908 mto wa Kaluga ukafurika, maji yakaingia ndani na kuharibu kazi zake. Mshahara ulikuwa mdogo, na sehemu yake iliishia kwenye majaribio na kuchapisha vijitabu kwa gharama yake. Varvara ndiye aliyebeba nyumba. Wasifu wa watu wakubwa huwapita haraka watu kama Varvara. Mimi naomba usimpite. Mkate uliokosekana mezani ulikosekana kwake pia na kwa watoto.

Majirani walimwona mtu wa ajabu, mwalimu mwenye mirija ya bati, anayeendesha baiskeli kwenda msituni na kuzungumza mambo ya kuishi angani. Lakini wanafunzi walimpenda.

Nyumba inayozunguka

Katika maandishi yake kuhusu maisha ya angani alilirudia lile jambo la kombamwiko, safari hii likiwa limekomaa. Alisema watu watakaoishi angani muda mrefu wanaweza kupewa uzito kwa kuzungusha makazi yao. Na akaona uzuri wake: angani hakuna hewa ya kuzuia, kwa hiyo ukishaizungusha nyumba, itaendelea kuzunguka bila kudai mafuta kila saa. Unaweza kuchagua uzito unaoutaka kwa kuongeza au kupunguza kasi. Aliwaza pia mashamba ya mimea ndani ya makazi hayo, ya kutoa chakula na hewa.

Mawazo hayo aliyaweka pia ndani ya riwaya. Alianza kuiandika mwaka 1896, ikatoka kama kitabu kamili mwaka 1920. Jina lake kwa Kiswahili tunaweza kuliita Nje ya Dunia. Wasafiri wake ni wanasayansi wa mataifa mbalimbali, na wanaondoka mwaka 2017. Sisi mwaka huo tumeshaupita, na nyumba za kuzunguka bado hatuna. Lakini mzee hakubonyeza kitufe chochote. Kila kitu ndani ya chombo chake kina sababu.

Kati ya kuanza na kumaliza kitabu hicho, Urusi ilipindukapinduka. Mwaka 1919 polisi wa siri wa serikali mpya walimkamata wakamfungia Moscow, kisha wakamwachia. Mwaka 1921 serikali hiyo hiyo ikampa pensheni ya maisha. Akiwa na miaka zaidi ya sitini, ndipo kwa mara ya kwanza akapata muda wa kuandika bila kuwaza kesho watakula nini. Sifa zikaja uzeeni, na nishani mwaka 1932. Miaka yake ya mwisho alitumika kama mshauri wa filamu ya safari ya mwezini, akawachorea watengenezaji daftari zima la namna watu wanavyoelea na chombo kinavyopaswa kuwa.

Filamu ilitoka mwaka 1936. Hakuiona. Alifariki Kaluga Septemba 19, 1935, kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 78. Setilaiti ya kwanza, Sputnik, ilirushwa Oktoba 4, 1957, majuma machache baada ya miaka mia moja tangu azaliwe.

Waliopokea kamba

Wazo lake halikufa naye. Mwaka 1929 mhandisi Herman Potočnik, Mslovenia, alichapisha mchoro wa kituo cha anga chenye umbo la gurudumu linalozunguka. Mwaka huo huo akafariki, akiwa na miaka 36. Mwaka 1952 Wernher von Braun aliwaonyesha Wamarekani gurudumu lake lenye kipenyo cha mita 75 hivi. Mwaka 1968 filamu ya Stanley Kubrick kuhusu mwaka 2001 ikaonyesha mwanaanga akikimbia mazoezi ndani ya gurudumu kama hilo, na tangu hapo waandishi wa hadithi za anga wamegawanyika makundi mawili: wanaozungusha na wanaobonyeza kitufe.

Je, imewahi kujaribiwa kweli na watu ndani? Ndiyo. Septemba 1966, wanaanga Pete Conrad na Richard Gordon, ndani ya chombo cha Gemini 11, walikifunga chombo chao kwa kamba na chombo kingine, wakavizungusha viwili hivyo taratibu. Uzito uliopatikana ulikuwa mdogo mno, hata wao hawakuuhisi miilini. Lakini vitu vilivyoachiwa ndani vilisogea upande mmoja. Kamba ilikuwa inafanya kazi.

Na pwani yetu nayo imo. Kusini mwa Lamu, katika ghuba ya Ungwana karibu na Ngomeni, Waitaliano waliweka jukwaa la kurushia roketi baharini, San Marco. Roketi yao ya kwanza ya kupeleka setilaiti kutoka hapo iliruka Aprili 26, 1967. Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wetu, ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota, ikapewa jina la Uhuru. Kwa nini walikuja huku kote? Ni kwa ajili ya Ikweta. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapa, inaondoka ikiwa imeshapewa zile kilomita 1,670 kwa saa na Dunia yenyewe. Ile hesabu ya mwalimu wa Kaluga na ile ndoo ya kisimani zilikutana pale Ngomeni.

Fundi, nipimie

Sasa nikupe kipimo, maana na wewe huenda unaandika hadithi yako kimyakimya kwenye simu.

Chukua idadi ya mizunguko kwa dakika, izidishe kwa yenyewe. Zidisha tena kwa umbali wa mita kutoka katikati mpaka sakafuni. Gawanya kwa 894. Ukipata 1, watu wako wana uzito kama wa hapa Lamu. Ukipata nusu, ni nusu.

Nikalijaribu jahazi langu. Lina urefu wa mita 20, nikalizungusha kichwa kwa mkia, kwa hiyo kutoka katikati mpaka ncha ni mita 10. Ili mabaharia wapate uzito kamili, lazima lizunguke karibu mara tisa na nusu kwa dakika. Balaa! Mtu aliyesimama kwenye ncha, kichwa chake kingekuwa na uvutano pungufu kwa asilimia 17 kuliko nyayo zake. Akigeuza kichwa haraka, dunia yote inampinduka. Akimimina chai, haishuki wima, inapinda pembeni na kukosa kikombe. Thelathini wote wangetapika kabla ya kufika mwezini.

Dawa yake ni kupunguza kasi na kuongeza umbali. Mizunguko miwili kwa dakika inataka mita 224. Jahazi la urefu huo nani ataliunda? Hapo nikakumbuka mtepe. Wazee wetu wa visiwa hivi walisafiri baharini kwa vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari. Basi nikalikata jahazi langu vipande viwili. Kimoja kina mabaharia, kingine mizigo na mafuta, uzito sawasawa, na katikati yao kamba ya karibu mita 450. Vinazungukana taratibu, mara mbili kwa dakika, njia nzima mpaka Mirihi. Chai inamiminika, inapinda kidogo tu, na mabaharia wameshazoea kuelekeza birika kando.

Kurasa arubaini nimezitupa. Zilikuwa zimesimama juu ya kitufe, na ukiondoa kitufe hakuna kilichobaki kusimama. Iliuma, sikufichi. Nilikuwa nimejiambia kwamba hizo kurasa ndizo zitakazoonyesha sikutoka chuo bure.

Juzi nikarudi kwa mjomba na sura mpya. Akasikiliza mpaka mwisho, shoka mkononi. Safari hii hakunyamaza. Akataka kujua kamba yenyewe ni ya nini, imefungwaje kwenye ubavu, na ikikatika katikati ya safari hao watu watakwenda wapi.

La mwisho nalijua: watakwenda moja kwa moja, kama maji ya ndoo iliyoachiwa, kila kipande upande wake. Namna ya kuwarudisha ndiyo siijui bado. Nimeliandika swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa sura ya pili, na kesho nikifunguliwa maktaba ya pale Ngomeni mwa Lamu nitakuwa mlangoni.